Uliza Mwalimu: The Hague, La Haye, Gaaga, ni mji mmoja au mitatu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma. Hosteli ninakaa na mwenzangu kutoka Bukavu. Juzi tulikuwa tunasikiliza taarifa ya habari kwenye simu, mtangazaji akasema kuna kesi imesomwa "mjini The Hague". Mwenzangu akakataa, akasema mji huo unaitwa La Haye. Nikampigia baba, yeye alisomea uhandisi Urusi enzi zile, akaniambia wao waliuita Gaaga. Tumebishana mpaka usiku. Huo ni mji mmoja au mitatu? Na jina lake la asili ni lipi, lina maana gani?
Msomaji, Ng'ong'ona, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni mji mmoja, uko magharibi mwa Uholanzi kando ya Bahari ya Kaskazini, na nyote watatu mmesema kweli. Wenyeji wake huuita Den Haag. Lipo pia jina refu, ambalo bado utalikuta kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtu wa pale: 's-Gravenhage. Barua yako imenifurahisha sana. Nilifundisha jiografia Mpwapwa miaka mingi, na somo nililolipenda kuliko yote ni hili la majina ya ramani, kwa sababu mtoto akishajua jina limetoka wapi, hasahau tena mji uko wapi.

Tuanze na maana, halafu tuje kwenye ugomvi wenu.

Shina la jina ni haag, zamani hage au haghe. Ni ua wa miti na vichaka. Wewe uko Dodoma, huna haja ya kwenda mbali kuuona. Toka mjini ushike njia ya Mvumi, utaona nyumba zimezungushiwa minyaa. Hakuna anayesia mbegu zake. Mtu hukata kijiti, hukichomeka ardhini, nacho kinashika hata mwaka ambao mvua imetupa mgongo. Misimu michache ikipita vijiti vimesongamana, mbuzi hapenyi. Wala hautafuni, maana ukikwanyua tawi utomvu mweupe unachuruzika, na ukikuingia jichoni utalala hospitali. Basi huo ndio ua. Lakini Kiswahili hakiishii hapo: ua ni ile minyaa iliyozunguka, na ua ni palepale ndani tunapopikia na kuanika uwele. Tukisema "watoto wako uani" hatuna maana kwamba wamening'inia kwenye minyaa. Kiholanzi cha kale kilikwenda vivyo hivyo. Haghe ilikuwa uzio wa vichaka, kisha ikawa na ile ardhi iliyozungushiwa, pori la mwenyewe, la kuwindia, ambalo mwingine haingii bila ruhusa.

Mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa Graaf wa Holland, cheo ambacho huku kwetu Ugogo tungekiita utemi: mtawala wa nchi yake, lakini juu yake yuko mfalme mkuu. Karibu na mwaka 1230 Graaf mmoja, Floris wa Nne, alijipatia kiwanja kando ya ziwa dogo, pawe mahali pa kufikia anapokwenda kuwinda. Ziwa hilo lipo hadi leo katikati ya mji, linaitwa Hofvijver. Mwaka 1242 ndipo jina linapoonekana kwenye maandishi kwa mara ya kwanza: Die Haghe, yaani Ule Ua. Mwanawe Floris, Willem wa Pili, alichaguliwa kuwa mfalme wa Wajerumani, akavishwa taji mwaka 1248, na mtu wa cheo hicho hakai kwenye kibanda cha wawindaji, kwa hiyo akaanza kujenga makao ya kifalme palepale uani. Hakuyamaliza. Januari 1256 alikuwa vitani dhidi ya watu wa Friesland, farasi wake akakanyaga barafu juu ya maji, barafu ikapasuka, farasi akazama miguu, na maadui wakamuua Willem pale pale. Nilipokuwa nikilisimulia hili darasani watoto wa Kigogo walikuwa wanaguna wote kwa pamoja, kwa sababu nyumbani wameshasikia juu ya tembo aliyekuja kunywa maji akazama matopeni, na wazee wakasema idodomya, amezama. Mji wetu umepata jina hapo.

Floris wa Tano, mtoto wa marehemu, ndiye aliyekamilisha lile jumba kubwa, Ridderzaal, Ukumbi wa Mashujaa wa Farasi. Ndimo ambamo kwa miaka mingi, mpaka 2019, mfalme wa Uholanzi alikuwa akisoma hotuba ya kufungulia mwaka wa Bunge, Jumanne ya tatu ya Septemba.

Karne ya 15 watu wakaanza kuandika jina kwa urefu: des Graven Hage, Ua wa Graaf. Hiyo "des" ni "wa" yetu, ya umilikaji. Kwa kutamkwa haraka vizazi na vizazi imechakaa ikabaki s peke yake, na alama ya kudondosha mbele yake, 's-Gravenhage. Usidhani ni kosa la mchapaji. Uholanzi kuna mji mwingine uliopita njia hiyohiyo: 's-Hertogenbosch, Msitu wa Hertog, cheo kilicho juu ya Graaf, ambao watu wanaufupisha Den Bosch. Wafaransa wakautafsiri wote, Bois-le-Duc. Wahispania wakausikia kwa Wafaransa wakasema Bolduque, na kutoka hapo wakapata neno balduque, ule utepe mwekundu wa kufungia majalada ya serikali. Jina la mji likaishia kwenye kabati la karani!

Hiyo "den" ya Den Haag ni kile kijineno ambacho lugha nyingi hukiweka mbele ya nomino kuonyesha kwamba kitu kinajulikana. Kiingereza kina "the", Kifaransa "le" na "la", Kiarabu "al". Kiswahili hakina, na hakijawahi kukihitaji. Zamani Waholanzi walisema in den Hage, "kule uani", na "den" ikabakia imeganda kwenye jina hata baada ya sarufi yao kubadilika.

Sasa tuje kwa baba yako na mwenzako wa Bukavu.

Mji huu ulianza kutembelewa na wageni wakubwa mapema sana. Mabalozi, wafanyabiashara na watu waliokimbia vita walifika kwenye baraza la Graaf, na baadaye kwenye Bunge la majimbo ya Uholanzi, wakati ambapo hata Waholanzi wenyewe hawajakubaliana namna moja ya kuandika. Kila mgeni akaondoka na jina kama alivyolisikia au alivyolielewa. Ndiyo maana mji mmoja una majina mengi hivi, na ndiyo maana ukiyapanga unaweza kujua nani alilipata kwa nani.

Wafaransa walilielewa. Haie kwao ni ua wa vichaka, na zamani waliandika haye, hivyo mji ukawa La Haye. Neno hilo lenyewe Wafaransa walilirithi kwa Wafranka, watu waliosema lugha ya ukoo mmoja na Kiholanzi. Kwa hiyo hapo tafsiri na asili ni ndugu. Kisha Kifaransa kikawa lugha ya mabalozi wa Ulaya nzima, na kila barua rasmi iliyotoka mji huo ikawa imeandikwa "La Haye" juu. Jina la Kifaransa ndilo lililosafiri mbali kuliko la Kiholanzi.

Wahispania wakachukua La Haye wakasema La Haya. Kwa bahati haya kwao ni jina la mti mkubwa wa misitu ya baridi, kwa hiyo Mhispania anasikia Mji wa Mti, na ule ua umepotea. Waitalia hawaitamki h, wakaandika L'Aia, na aia kwa Kiitalia ni uwanja wa kupuria nafaka. Mkulima wa Italia akisikia jina la mji huo wenye majumba ya mahakama anaweza kuona vumbi na makapi. Mimi nalipenda jina hilo la Kiitalia kuliko mengine yote, ingawa maana yake haina uhusiano wowote na historia ya mji. Wareno waliiacha "la" wakabaki na Haia, na utaisikia Msumbiji na Angola. Wabrazili wanamkumbuka mwanasheria wao Ruy Barbosa, aliyehutubia mkutano wa amani uliofanyika huko mwaka 1907, kwa jina la Tai wa Haia.

Waarabu waliichukua La Haye nzima wakaiandika Lahai. Ile "la" ya Kifaransa ikamezwa, ikawa sehemu ya jina. Waturuki nao husema Lahey, Waajemi Lahe. Mtu akishangaa namna kijineno kinavyomezwa, namwambia atazame Dar es Salaam. Ile "es" katikati ni "al" ya Kiarabu iliyobadilika kwa sababu ya herufi inayofuata. Wajerumani wameiandika yote kama neno moja, Daressalam. Nasi tukiwa kwenye basi tunasema Dar tu, kama Mholanzi anavyosema Den Haag na kumwachia karani wa vizazi na vifo lile jina refu.

Kuna waliochukua shina peke yake. Wadenmaki na Waswidi huandika Haag, Wapolandi Haga, Wahungari Hága, Wagiriki Hagi. Walioandika Kilatini waliita Haga Comitis. Warusi ndio walimu wa baba yako. Lugha yao haina h yetu, na kwa desturi yao ya zamani huweka g mahali pake, hata Hamburg kwao ni Gamburg. Haag ikawa Gaaga. Mwambie baba hakukosea hata herufi moja. Wachina walitafuta silabi zilizo karibu na sauti ya Kifaransa wakapata Haiya, ikiandikwa kwa alama mbili, ya kwanza maana yake bahari, ya pili jino. Hizo ni sauti tu, mtu asitafute meno pale.

Sasa tuangalie Kiswahili, maana kwa maoni yangu hapa ndipo swali lako linapopata uzito. Hatukuwa na mwenyeji wetu kwenye baraza la Graaf wakati majina haya yanagawanywa. Nchi yenyewe tuliijua zamani, kwa sababu Wareno walikaa pwani yetu karne mbili, na Uholanzi linafanana na Holanda lao. Ila mji huu mmoja wa nchi hiyo haukutuhusu. Ulianza kutuhusu kupitia mahakama, na kila upande wa Waswahili ukaupokea kutoka kwa lugha ya shule zake. Mkenya na Mtanzania waliusoma kwenye magazeti ya Kiingereza, tukachukua The Hague na "the" yake. Ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Lubumbashi waliusoma kwa Kifaransa, wakasema kwa Kiswahili chao safi kabisa, "wamemupeleka La Haye". Kesi ya kwanza kutolewa hukumu katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mwezi Machi 2012, ilikuwa ya Mkongo, Thomas Lubanga, kwa hiyo jina hilo kwao lilisemwa majumbani na sokoni. Na mzee wa Zanzibar aliyezoea redio za Kiarabu hutamka Lahai bila kusita. Basi ndani ya Kiswahili kimoja mji una majina matatu. Mwenzako hakukukosoa Kiswahili chako. Alikuonyesha kwamba babu zenu walisomeshwa na wakoloni tofauti.

Jambo hili halipo mbali nasi. Wenyeji wa Mpwapwa husema Mhamvwa. Misafara ya pwani ilipofika pale ikatamka ilivyoweza, wazungu wakaandika walivyosikia kwa misafara, na leo hata kibao cha stendi kimeandikwa Mpwapwa. Ukienda vijijini mwambie bibi yeyote "natoka Mhamvwa", uone atakavyokukaribisha.

SWALI: Mbukwenyi. Mimi ni mzee wa Kongwa, nasoma gazeti hili tangu macho yangu yakiwa mazima. Wajukuu wanafundishwa kwamba mji mkuu wa Uholanzi ni Amsterdam. Mbona kila jambo la serikali ya nchi hiyo tunasikia limetoka The Hague? Walimu wanawadanganya watoto?
Mzee wa Kongwa

JIBU: Shikamoo Mzee, na asante kwa kutusoma. Walimu hawajadanganya. Katiba ya Uholanzi inautaja Amsterdam kuwa mji mkuu, na mfalme huapishwa huko. Willem-Alexander wa sasa aliapa Amsterdam tarehe 30 Aprili 2013. Lakini Bunge, mawaziri na ofisi ya mfalme ziko The Hague, pamoja na balozi za nchi za nje, ukiwemo wa Tanzania.

Wewe Mzee umeishi hali ya namna hiyo mwenyewe. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na kwa miaka mingi baadaye vitabu viliandika Dodoma huku wizara ziko Dar es Salaam, na mtu wa Kongwa mwenye shida na wizara akipanda basi anaipa Dodoma yake mgongo. Amsterdam wana jina, The Hague wana serikali, na wao wameridhika hivyo kwa karne mbili. Sisi hatukuridhika. Kuanzia 2016 serikali ikahama kweli, na mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuitangaza Dodoma makao makuu. Mimi ni mtu wa huku, nasema wazi kwamba nilifurahi.

Kuna jambo lingine litakalokupendeza. Kwa sababu pale palikuwa ni ua wa mtawala, hapakupewa hadhi ya mji kama miji mingine ya Uholanzi ilivyopewa. Delft iliyo jirani ilikuwa mji wenye ukuta na haki zake, The Hague ikabaki kwa jina kuwa kijiji, ingawa mabalozi wa Ulaya wote walikuwa wakipishana njiani. Waliitania kuwa kijiji kikubwa kuliko vyote Ulaya. Haki za mji zilikuja mwaka 1806, alizitoa Louis Bonaparte, ndugu yake Napoleon, alipofanywa mfalme wa Uholanzi. Dodoma nayo iliitwa manispaa mpaka tarehe 26 Aprili 2018 ilipotangazwa kuwa jiji, na wakati huo Bunge lilikuwa limeshakaa hapa miaka.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Nasoma habari kwenye redio ya jamii Kondoa. Kila likija hilo jina nakwama. Tunasoma "Hague" kama lilivyoandikwa, Ha-gu-e? Tuseme Hegi? Au Den Haag? Na tukisema "Mahakama ya Hague" tumekosea?
Mtangazaji, Kondoa

JIBU: Nzuri, binti yangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kufungua maikrofoni. Ha-gu-e usiseme. Ni kweli Kiswahili husoma kila irabu, lakini maandishi hayo ni ya Kiingereza, na Waingereza hutamka kitu kilicho karibu na "Heig". Wasikilizaji wako Kondoa wanaelewa "Hegi", nayo inakaa vizuri mdomoni, kwa hiyo itamke hivyo: "mjini dhe Hegi". Kwenye maandishi fuata magazeti yetu, The Hague, T kubwa, bila kuitafsiri na bila kuikata. Ukiamua kuandika Den Haag kama wenyeji sitakusahihisha, ila usianze habari na moja ukamalizia na nyingine, maana msikilizaji wa Bereko atadhani umetaja miji miwili.

Ukitaka kumfurahisha Mholanzi, ile g ya mwisho ya Den Haag ni kh ya Khamisi na kheri, ya kooni. Aliyepita madrasa anaiweza papo hapo kuliko Mwingereza yeyote. Pwani ya The Hague kuna kitongoji cha wavuvi kinachoitwa Scheveningen, na jina lake linaanza na s, kisha kh hiyohiyo. Inasimuliwa kwamba Wajerumani walipoivamia Uholanzi mwaka 1940, askari wa Kiholanzi walimtaka mtu wasiyemwamini alitamke neno hilo. Mjerumani huanza na "sh", akajulikana. Siku hizi Scheveningen linatajwa kwenye habari kwa sababu washtakiwa wa Mahakama ya Jinai wanazuiliwa huko.

Kuhusu "Mahakama ya Hague", hapo ndipo ninapokuomba uwe makini kuliko kwenye matamshi. Mahakama za kimataifa katika mji huo ni zaidi ya moja, na ukisema hivyo msikilizaji hajui ipi. Iliyo kongwe ni ya usuluhishi. Tsar Nicholas wa Pili wa Urusi aliitisha mkutano wa amani, ukafunguliwa The Hague tarehe 18 Mei 1899, ukahudhuriwa na nchi 26, na hapo ikaundwa Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi. Tajiri Andrew Carnegie akatoa dola milioni 1.5 kujenga Kasri la Amani, likafunguliwa tarehe 28 Agosti 1913, mwaka mmoja tu kabla Ulaya haijaingia kwenye vita kuu. Ndani ya kasri hilo hukaa pia Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Umoja wa Mataifa, yenye majaji 15. Hiyo huamua kesi za nchi na nchi. Haimfungi mtu. Msomali Abdulqawi Yusuf alikuwa rais wake kuanzia 2018 hadi 2021.

Inayoshtaki watu ni nyingine kabisa, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoanza kazi baada ya Mkataba wa Roma kupata nguvu tarehe 1 Julai 2002. Ina majaji 18, jengo lake, na si chombo cha Umoja wa Mataifa. Kesi za Wakenya zilizosikika sana miaka ya 2010 zilikuwa huko. Sasa mtangazaji akisema "The Hague imeamua mpaka wa bahari" na kesho akisema "The Hague imetoa hati ya kumkamata fulani", msikilizaji anaona ni hakimu yuleyule. Taja mahakama kwa jina lake kamili kwanza, mji ufuate.

Usisahau kuwaambia wasikilizaji kwamba Arusha nayo imo katika habari hii. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama tarehe 8 Novemba 1994, ikakaa Arusha, ikafungwa mwisho wa 2015. Rufaa zake zilikuwa kwa majaji waliokuwa na makao The Hague. Chombo kilichorithi kazi yake kimekuwa na matawi mawili, moja Arusha, moja The Hague, na nyaraka zake zinaitaja miji hiyo sambamba. Watoto wa Kitanzania wanapaswa kulijua hilo kabla ya kumaliza shule, kwa kuwa wengi wanadhani haki ya kimataifa ni kitu cha Ulaya peke yake.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha nne Manyoni. Kwenye atlasi ya shule nimeona La Hague iko Ufaransa, baharini kabisa. Ni mji uleule umehamishwa?
Mwanafunzi, Manyoni

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Atlasi yako ni sahihi. La Hague ya Ufaransa ni ncha ya nchi kavu katika Normandy, inayojulikana kwa kiwanda cha kuchakata mabaki ya nishati ya nyuklia, na haina mahakama yoyote ya kimataifa. Mfaransa hachanganyi, kwa sababu ule wa Uholanzi kwake ni La Haye. Sisi tunaotumia The Hague ndio tunaojikwaa, kwa hiyo kwenye mtihani angalia kijineno cha mbele: ukiona "The" uko Uholanzi, ukiona "La" pamoja na "Hague" uko Normandy.

Ufaransa kulikuwa na kina La Haye wengine pia, maana nyua za vichaka zilikuwa kila mahali. Mwanafalsafa René Descartes alizaliwa mwaka 1596 katika kijiji kimoja cha jina hilo, La Haye ya Touraine, kisha akaenda kuishi Uholanzi miaka karibu ishirini, na watu wanaosoma habari zake haraka humzalisha The Hague. Wanakijiji wake waliumaliza utata huo: tangu 1967 mahali pale panaitwa Descartes.